Dawa ya Kiwele, Kuanzia kwa Mkubwa

Mjukuu wa Sang alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimekaa pale ninapokaa kila asubuhi, kwenye kiti cha jikoni kilicho karibu na moto, hapa mtaa wa Section 58, Nakuru, ambako nimeishi muda mrefu hadi majirani wakimwelekeza mgeni husema apite nyumba ya yule mzee asiyetoka. “Mzee,” akasema kijana, “babu ametuacha. Tunamzika Ijumaa, Mau Narok.” Mimi ni mtu ambaye hata kwenda sokoni kwangu ni safari, na nikisafiri hurudi na hadithi kama mtu aliyetoka Ulaya. Lakini nikasema nitakuja. Nilipoweka simu chini, mguu wangu wa kushoto ukaanza kuwasha pale penye kovu, kama vile nao umesikia habari. Mguu huo ni mfupi kidogo kuliko mwenzake, na watoto wangu walipokuwa wadogo walizoea kuniiga nikitembea, wakidhani sioni. Bado ninao kwa sababu ya Sang. Ama ninao ingawa Sang alikuwepo. Miaka yote hii sijaamua ni lipi kati ya hayo mawili, na sasa mwenyewe ameondoka kabla hatujamaliza ubishi.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Nilikuwa Form Two, nimekuja likizo, na wenzangu walipokuwa wakivunjika mikono kwa mpira na mashindano ya kuruka, mimi nilivunjika mguu jikoni kwetu. Mama alikuwa amefunika mkungu wa ndizi darini ili uive, na mimi, mpenda nyumba, nilipanda kuangalia kama ziko tayari. Zilikuwa tayari. Nilikuwa nimekula ya pili ubao ulipokatika. Mfupa wa muundi ulivunjika na ncha yake ikatoboa ngozi kidogo tu, tundu la kuingiza kidole, na mama, badala ya kunipa pole, alitazama maganda ya ndizi yaliyoanguka pamoja nami, akasema, “Angalau umeshiba.” Jioni hiyo nikalazwa hospitali mjini Nakuru, wodi ya wanaume ya Waafrika, mfupa ukanyooshwa, nikatiwa plasta iliyoachwa dirisha dogo mbele ili kidonda kiweze kusafishwa. Daktari, mzungu mrefu ambaye alilazimika kuinama kila mlango, aliniambia kwa Kiswahili chake cha mashambani, “Wewe nakaa mwezi moja, basi, kwenda shule.” Nilisikitika kwa sababu ya shule, si kwa sababu ya mguu.

Wodi ile naiona hadi leo kuliko ninavyoiona sebule yangu. Ilikuwa ndefu, sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa rangi hadi ikang’aa, mablanketi mekundu, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu iliyopambana kutwa nzima na harufu ya kabichi na ya mahali palipofichwa na bendeji. Asubuhi tuliletewa uji katika vikombe vya bati, mchana ugali na maharagwe, na kila mtu aliyeletewa chakula na watu wake aligawa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya wodi, haikuandikwa ukutani na hakuna aliyeivunja. Mama akileta viazi na kuku, wa kwanza kupelekewa alikuwa Mzee Odera, fundi wa reli aliyeunguzwa kifua na mvuke wa injini, kwa kuwa alikuwa mkubwa wetu katika pembe ile ya dirishani. Kisha mtu tuliyemwita Fundi Baiskeli, ambaye alikatwa kiganja na kitu chake mwenyewe cha kazi na hakupenda kuulizwa ni kitu gani. Kisha Sang. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, nilikula mwisho kuku aliyepikwa na mama yangu mwenyewe. “Usinune, karani,” Sang aliniambia siku ya kwanza, huku akitafuna paja. “Shingo ina nyama tamu. Ni vile tu hujawahi kupewa nafasi ya kuijua.”

Sang alikuwa mkamuaji kwenye shamba la setla mmoja juu huko Mau Narok. Fahali alikuwa amempasua paja kwa pembe. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mke mmoja, na maneno mengi, na aliniita karani tangu alipoona kitabu chini ya mto wangu. Mkewe alishuka na lori la shamba kila lilipoleta ngano mjini, akaja na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha, na mahindi ya kuchemsha. Siku moja, chini ya mahindi hayo, kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Sang akakifungua juu ya blanketi polepole, kama mtu anayeonyesha saa ya dhahabu. Ilikuwa tyubu ndogo yenye mdomo mrefu mwembamba.

“Nini hiyo?” nikauliza.

“Wewe ndiye umesoma. Soma.”

Nikasoma. Ilikuwa penisilini kweli. Ilikuwa imeandikwa pia kwamba ni ya ng’ombe, ya ugonjwa wa kiwele, na kwamba mdomo wake uingizwe kwenye chuchu. Nikawafasiria.

“Sasa wewe huna chuchu?” Mzee Odera akaniuliza kutoka kitandani, na kifua chake kilimuuma kwa kucheka hadi akaomba tumsamehe.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukifikiri, maana leo ni rahisi kutuona wajinga. Sindano ya penisilini ilikuwa ndiyo hospitali yenyewe. Dresa Nehemia, aliyekuwa akitusafisha vidonda na kutudunga, alipita na kigari chake cha magurudumu kinacholia, na matako yetu yalikuwa yamegeuka chujio. Mwanzoni tulipona. Halafu, pole pole, bila mtu kuweza kusema ni lini, tukaacha kupona. Kifua cha Mzee Odera kilichokuwa kimeanza kuvaa ngozi mpya kililowa tena. Mtu wa kule mlangoni aliyekuja kwa henia tu, kitu cha kukatwa na kwenda, alishonwa akafumuka. Na dirishani kwangu, ndani ya plasta, kikatokea kidoti cha usaha, cheupe, hakina maumivu. Hapo ndipo kumbukumbu yangu hunichezea. Sijui kama kidoti hicho nilikiona kabla ya tyubu ya Sang ama baada yake. Nimekaa kwenye kiti hiki cha jikoni nikijaribu kupanga siku zile kama mtu anayepanga viatu, na kila mara kiatu kimoja hubaki bila mwenzake.

Hoja ya Sang ilikuwa hii, na nakuomba uijibu kama unaweza. “Ile ya Dresa ni penisilini ya wodi ya watu weusi. Hii ni penisilini ya Friesian wa mzungu. Mzungu anaweza kunidanganya mimi. Anaweza kukudanganya wewe, karani, na kitabu chako. Lakini umeona wapi mzungu anadanganya ng’ombe wake?” Hakuna aliyekuwa amewahi kuona. Akaongeza kwamba ng’ombe akishatiwa dawa hiyo, maziwa yake hayaruhusiwi kuuzwa, kwa hiyo hupewa wafanyakazi, na watoto wote pale kambini kwao wameyanywa tangu kunyonya. “Mimi damu yangu ni nusu dawa,” akasema. Fundi Baiskeli akamuuliza, kama ni hivyo, mbona paja lake linanuka. Sang akafikiri, akasema, “Ile nusu nyingine.”

Na kwa kuwa dawa ilikuwa chache, iligawanywa kama mkamuaji anavyojua kugawanya. Nyapara wao alikuwa amewafundisha kwamba tyubu ya chuchu moja hutosha chuchu zote nne ukiwa na mkono wa taratibu, na kwamba maziwa yakianza kuwa meupe tu, unaacha, unamwekea ng’ombe mwingine. Sang alikuwa na unyoya wa bawa la kuku, safi, mweupe, ambao mkewe aliutumia kupaka mafuta, na aliuhifadhi katika kopo la sigara pamoja na tyubu. Baada ya chakula cha mchana, Sista, muuguzi mkuu, akienda kupumzika na Dresa akiwa upande wa pili, Sang alishuka kitandani kwa gongo lake, akakamua dawa kidogo kwenye ncha ya unyoya, akafunua bendeji ya Mzee Odera kwa mkono mwepesi kuliko wa muuguzi yeyote niliyewahi kumwona, akampaka. Mkubwa kwanza. Kisha Fundi Baiskeli. Kisha paja lake mwenyewe. Kisha akaja kwangu na kile kilichobaki kwenye unyoya, akakipitisha kwenye dirisha la plasta. “Umepata shingo,” alisema kila mara. Nami nilishukuru, kwa kuwa nilikuwa nimelelewa vizuri, na kwa kuwa ulikuwa unatekenya kwa raha.

Hakuna aliyetazama unyoya ule akafikiri lolote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nilikuwa nimesoma sayansi ya Form Two, na katika daftari langu la shuleni nilikuwa nimechora kijidudu kwa penseli ya rangi na kupata alama nzuri. Lakini kijidudu cha daftarini kilikuwa na mkia na kilikuwa cha kijani. Sikutarajia kingeweza kukaa kwenye adabu.

Mzee Odera alianza kutetemeka wiki zilipokuwa zikielekea mwisho wa mvua. Homa ilimpanda akaita majina ya steshini, Molo, Elburgon, Njoro, akishuka nayo kama treni inayokuja nyumbani. Walimdunga mara mbili ya kawaida, na ilikuwa kama kumdunga gunia. Alipokufa, wanaume wa pembe ya dirishani tuligeuza nyuso ukutani kitanda kikisukumwa nje, na jioni hatukugawa chakula, kila mtu alikula chake, nami kwa mara ya kwanza nikala paja la kuku, na halikuwa na ladha.

Baada ya hapo hospitali ikaanza kufanya mambo ambayo hatukuyaelewa. Mablanketi yalichukuliwa yote siku moja na kurudi yakiwa yamenywea. Daktari aliwapanga Sista, madresa na wafagiaji kwenye mstari katikati ya wodi, akawa anawaingizia kijiti chenye pamba puani, mmoja mmoja, akitia kila kijiti ndani ya kichupa. Tulikaa vitandani tukitazama kama watu walio sinema. “Wanatafuta aliyenusa sukari ya Sista,” Sang alininong’oneza. Fundi Baiskeli alisema hapana, ni kipimo cha waongo, amesikia habari zake. Hatukuambiwa pua zilisema nini. Tuliona tu kwamba Dresa Nehemia aliondolewa kwenye vidonda akapewa kazi ya kuchemsha vyombo, na kwamba aliosha mikono yake mara nyingi hadi ikapasuka kwenye vifundo, na kwamba akipita karibu nasi aliificha mfukoni. Alikuwa mtu wa kanisa, aliyetuombea bila kutuuliza dini zetu. Sasa alipita kimya.

Kidoti changu kikawa tundu, tundu likawa na harufu. Walipokata plasta, daktari alitazama muda mrefu, akabonyeza, akavuta pumzi kwa pua. Alirudi siku iliyofuata mama alipokuwa amekuja, akasimama miguuni pa kitanda. Alisema mfupa umeingiwa. Alisema dawa haisikii. Alisema kesho kutwa atakata, hapa, akapitisha ukingo wa kiganja chake chini ya goti langu, hakugusa, lakini nilihisi ubaridi kana kwamba amegusa. Mama hakulia. Aliuliza, “Kwa mguu uliovunjika kwa ajili ya ndizi?” kama vile kulikuwa na bei ya ndizi na bei hii haikuwa hiyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba na jambo pekee lililonijia kichwani ni kwamba sitaweza tena kupanda darini. Halafu nikaukumbatia mguu kwa mikono miwili, na Sang aliona.

Alichukua gongo lake akasimama. “Daktari,” akasema, “kabla ya kukata, iko maneno.”

“Nyamaza, wewe,” Fundi Baiskeli akasema kwa sauti ya chini. “Utafukuzwa kazi.” Tyubu ile, na nyingine zilizoifuata, zilitoka ghala la setla, na hazikutoka kwa mlango wa mbele. Mke wa Sang na mtoto wao walikuwa wakilala kwenye nyumba ya kambi ya setla huyo huyo. Sang alijua haya yote. Akafungua kopo la sigara akalitoa mbele yake kama mtu anayetoa ugoro.

Daktari aliinua tyubu, akasoma, akaigeuza, akasoma upande wa pili. Akainua unyoya, akaunusa, akaukunjia uso. “Nani nafundisha wewe hii maneno?”

“Ng’ombe,” Sang akasema, na wodi ikacheka kwa woga.

“Wewe napaka nani?”

“Mzee Odera kwanza, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mkubwa. Halafu huyu Fundi. Halafu mimi. Halafu huyu mtoto.”

Niliona macho ya daktari yakitembea: kitanda kilichotandikwa upya ambacho hakikuwa na mtu, mkono wa Fundi, paja la Sang, mguu wangu. “Kila mara namna hii? Unyoya moja?”

“Kila mara,” Sang akajibu, na nadhani aliona swali hilo kama tusi dogo. “Sisi si watu wasio na adabu.”

Daktari akaketi. Aliketi kitandani kwangu, jambo ambalo daktari hakuwa akifanya, na godoro likazama. Mama akamwuliza je, hiyo dawa ya ng’ombe ndiyo iliyomharibu mtoto wake, ama ni hospitali, ama ni mkono wa Dresa. Naye mzungu yule, aliyekuwa na chumba kizima cha vitabu, akasema, “Mama, mimi hapana jua.” Tulikuwa tumeshawahi kusikia wazungu wakisema uongo na wakisema matusi, lakini hiyo ilikuwa mpya kwetu. Akaendelea kama anayejisemea. Ugonjwa huu ulikuwepo hapa kabla. Hata penisilini ya hospitali hausikii. Pengine unyoya umeutembeza. Pengine sisi wote tumeutembeza. Kisha akasimama. “Mama, peleka yeye nyumbani. Leo. Hapa ndani iko mbaya. Baada ya wiki mbili rudisha. Kama bado namna hii, mimi nakata.”

“Nyumbani kwangu kuna moshi na kuku,” mama akasema.

“Kuku hapana shida.” Akautazama unyoya mkononi mwake. “Lakini hii, choma.”

Nilipokuwa nikisubiri machela, Dresa Nehemia alikuja. Habari zilikuwa zimemfikia kwenye chumba cha kuchemshia. Aliketi kitandani kwa Sang, mikono yake iliyopasuka ikiwa juu ya magoti, wazi. “Siku zote hizi nimekuwa nikijiona mchawi,” akasema. Sang akamwambia, “Basi sasa tuko wawili.” Nehemia akatikisa kichwa. “Hata sijui kama nifurahi. Daktari hakusema si mimi.” Wakakaa hivyo, bega kwa bega, na hakuna aliyejua amsamehe nani.

Nyumbani, mama aliweka sufuria moja kando ambayo hakuna aliyeruhusiwa kupikia kitu, na ndani yake alichemsha vitambaa na maji ya chumvi. Alinisafisha mwenyewe, asubuhi na jioni, akinitukana mimi na ndizi. Mchana aliniburuta na mkeka hadi mlangoni mwa jikoni, mguu juani, mwili kivulini, kuku wakinipita. Kwa wiki mbili sikutoka pale, na sikutaka kutoka, na nikiwa mkweli nadhani sijawahi kutoka. Usaha ulipungua. Ukawa maji. Kidonda kikaanza kuingia ndani kama jicho linalosinzia. Tulipomrudia daktari, alibonyeza, akangoja nipige kelele, sikupiga. “Sawa,” akasema. Hakuwa na uso wa mtu aliyefurahi. Alikuwa na uso wa mwanafunzi ambaye jibu lake la hesabu limepatana na la kitabu, na hajui amelipataje.

Sang alifukuzwa, bila shaka. Daktari hakusema, lakini wodi ina masikio na lori la ngano lina dereva. Alihamisha mkewe na mtoto hadi kwa shemeji yake karibu na Njoro, paja likapona huko huko kwenye kibanda, bila dawa ya mtu wala ya ng’ombe. Baada ya Uhuru alinunua kipande ndani ya shamba lile lile alilokuwa akikamulia, na kila nilipomtembelea, yaani mara chache sana, tulibishana. “Nilikuokoa mguu,” alisema. “Uliutia ugonjwa,” nilisema. “Na kama ningenyamaza?” “Na kama usingepaka?” Mkewe alituletea mursik na kutuambia tunachosha masikio ya ng’ombe.

Mjukuu wangu Nafula anafanya kazi maabara ya hospitali, na jioni ile ya simu nilimweleza kisa chote tena, nikamwomba aamue. “Kuka,” akasema, kwa neno letu la babu, “hiyo bakteria ilikuwa imezoea dawa. Hata sasa tunazo, mbaya kuliko hizo. Zinakaa hospitali, kwa mikono, kwa pua za watu wenye afya kabisa. Mkipaka dawa kidogo kidogo, dhaifu zinakufa, sugu zinabaki.” Nikamwuliza basi ilikuwa unyoya. “Inaweza kuwa unyoya. Inaweza kuwa Dresa. Inaweza kuwa hata wewe ndiye ulikuwa nayo puani.” Hilo halikuwa limewahi kunijia. Sikulala vizuri.

Ijumaa Nafula alinipeleka. Mau Narok kulikuwa na baridi ileile, na viazi vilikuwa vimechanua hadi kwenye uzio wa kaburi. Nilimwaga udongo wangu. Mchungaji alimsifu Sang kwa ukarimu, akasema hakuwahi kula peke yake, na nikaona watu wengi wakiitikia kwa vichwa, mimi kuliko wote. Kisha tukaketishwa kwenye hema tule, wazee meza ya mbele, na msichana akaja na jagi la maji ya moto, beseni na sabuni. Nikajiweka sawa kungoja zamu yangu mwishoni, kama nilivyozoea katika kundi lolote lenye Sang. Lakini msichana alisimama mbele yangu. “Anza wewe, mzee,” akasema. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikitafuta mkubwa wangu. Walikuwepo wazee wa kutosha, wenye fimbo, lakini wote walikuwa watoto kwangu. Nikanyoosha mikono juu ya beseni, maji yakanimwagikia yakiwa safi, hayajapita kwa mtu, na nikanawa polepole mno, hadi msichana akauliza kama maji ni ya moto sana.